Kuwapeleka watoto wadogo shamba la viungo Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shamba la viungo ni mahali pa namna gani? Kuna michezo ya watoto?

Hakuna bembea wala bwawa la kuogelea, kwa hiyo usiwaahidi. Mashamba yanayopokea wageni yako zaidi Kizimbani, Kidichi, Dole na vijiji vya jirani, kaskazini-mashariki ya Mji wa Zanzibar. Ni mashamba ya kweli, yaliyopandwa mchanganyiko: mkarafuu hapa, mdalasini pale, pilipili manga imepanda juu ya mti wa jirani, chini yake manjano na tangawizi. Mtembezaji anakuongozeni kwa miguu kutoka mmea hadi mmea, anakata jani au kubandua gamba, anawapa wageni wanuse na kukisia. Mwisho kuna matunda ya kuonja, mkwezi anapanda mnazi, na meza ya viungo vya kuuza.

Kwa mtoto mdogo huo kukisia ndio mchezo wenyewe, na unatosha, ilimradi watu wazima wafunge midomo. Mtembezaji akiuliza "hii nini?" na baba akajibu kabla ya mtoto hajanusa, mchezo umekwisha.

Umri gani unafaa?

Kuanzia miaka minne au mitano mtoto anafaidi kikamilifu, kwa sababu harufu nyingi anazijua tayari kutoka jikoni: iliki ya maandazi, mdalasini wa chai, karafuu ya pilau. Furaha yake ni kugundua kitu kile kinatoka wapi. Wa miaka miwili na mitatu hufurahia kushika, kuchimba na kula, ila hawezi kusimama amsikilize mtu anaeleza. Mtembezaji aambiwe mapema afupishe. Kitoto cha mbeleko hakina tatizo, mradi kisilazwe chini kivulini kwenye majani makavu, kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la wadudu.

Matembezi huchukua muda gani, na tuanze saa ngapi?

Matembezi ya kawaida ya watalii ni saa moja na nusu hadi mbili. Mkiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, omba saa moja bila kuona haya. Mimea minane iliyonuswa vizuri inamkaa mtoto kichwani kuliko ishirini na tano iliyotajwa mbiombio. Isitoshe, pua huchoka: baada ya harufu kali tano au sita mfululizo hata mtu mzima hatofautishi tena, na mtoto huanza kujibu "karafuu" kwa kila kitu. Hapo ndipo pa kumpa kazi ya mikono, kama kuchimba manjano, kisha mrudi kwenye kunusa.

Fikeni saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi. Saa tano jua limeshakuwa kali kwenye njia zisizo na kivuli, na makundi ya wageni wa mahotelini yameshaingia, mtembezaji ana haraka. Jioni kuanzia saa tisa na nusu pia panafaa, lakini mbu huamka kabla hamjamaliza.

Msimu upi ni mzuri?

Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho chepesi zaidi kwa watoto: joto limepungua na njia ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, mvua hunyesha kwa wingi, udongo unateleza na mbu wanaongezeka. Ukienda, vaa viatu vya mpira na uwe tayari kurudi na nguo zilizoiva matope. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni joto kali, basi anzeni mapema zaidi.

Kama lengo ni kuona karafuu zikichumwa na kuanikwa, ulizeni kwanza kwa simu. Mavuno makubwa huangukia nusu ya pili ya mwaka, lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Zikiwapo, mtaziona barabarani kabla hata ya kufika shambani, zimetandazwa juu ya mikeka zikikauka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia. Mkanyeni mtoto asizikanyage. Mkeka ule ni mapato ya nyumba nzima.

Tufikeje kutoka mjini?

Teksi au gari ya kukodi ndiyo njia rahisi mkiwa na watoto. Ni kilomita kumi na kitu tu. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, kwa sababu ukimwachia dereva aondoke, kupata gari nyingine mashamba si jambo la dakika mbili. Daladala zipo pia, ila kutoka kituoni hadi shamba mtakalo huenda mkatembea, na kilomita moja na mtoto wa miaka mitatu saa sita mchana ni ndefu.

Kiti cha mtoto cha garini ni nadra kwenye teksi za Unguja. Anayekitaka aje nacho, au akiagize siku moja kabla kwa maandishi, amwombe dereva atume picha. Kitoto kisipakatwe kiti cha mbele.

Mapapasi, yaani vijana wanaotafuta watalii mitaani, wa Forodhani na Malindi ya mjini watakupeni "safari ya viungo" pamoja na gari. Wengine ni waaminifu kabisa. Tatizo lao kwa mwenye watoto ni kwamba safari yao huwa imeunganishwa na mambo mengine, pengine msitu wa Jozani au ufukweni, na ratiba ni ya kundi. Mtoto akilala au akilia, kundi halingojei.

Bei ikoje?

Hakuna bei moja. Kabla ya kuanza kutembea ulizeni mambo manne: bei ni ya mkaazi au ya mgeni, watoto wanalipiwa kuanzia umri gani, matunda na chakula vimo au la, na mkwezi analipwa kando au vipi. Familia inayozungumza Kiswahili iseme mapema inakotoka. Mashamba mengi yana bei ya wenyeji, lakini hawaitangazi. Bakshishi ya mtembezaji na ya mkwezi huwa haimo ndani ya bei. Chukueni noti ndogondogo, maana chenji shambani ni adimu kuliko vanila.

Wavae nini, na mfuko uwe na nini?

Nguo kuukuu zenye rangi nzito, mikono mirefu ya kitambaa chepesi, suruali, na viatu vilivyofunika vidole. Ndala zinavulika kwenye matope na zinaacha vidole wazi kwa siafu. Kofia ni lazima. Watu wazima wakumbuke kwamba wanapita vijijini: mabega na magoti yafunikwe.

Mfukoni tieni maji ya kunywa ya kutosha (nusu lita kwa kila mtoto ni kiasi cha chini kabisa), kipande cha sabuni, kitambaa cha kufutia, tishu za maji, nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, mfuko mgumu wa kutia nguo chafu, na dawa ya mbu. Dawa yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili. Huyo hufunikwa kwa chandarua. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakikumbuki: kichupa kidogo cha mafuta ya nazi au ya kupikia. Kitatumika kwa ulimbo wa fenesi na kwa mikono iliyoshika pilipili, na mara nyingine kwa vyote viwili siku hiyohiyo.

Mimea tuianze kwa mpango gani?

Watembezaji wana njia yao, lakini wengi hawana neno ukiwaomba wabadilishe. Mpango unaofaa kwa watoto ni huu: vyenye harufu tamu kwanza, vya kuchimba katikati, vyenye rangi karibu na mwisho, pilipili mwisho kabisa.

Anza na mchaichai. Ni rahisi kuutambua na uko chini, mtoto anaufikia. Avunje jani kwa kulikunja. Asilivute kati ya vidole, kwa sababu kingo zake hukata ngozi kama wembe, na kidole kilichokatwa kitawasha siku nzima kila kitakapogusa limau au pilipili.

Kisha mdalasini, ambao kwa maoni yetu ndio mti wa kukaa nao zaidi kuliko yote. Jani lake likisuguliwa linanukia karafuu. Gamba, ndilo mdalasini wenyewe tunaoujua. Mzizi unanukia kafuri, ile harufu ya dawa ya kupaka kifuani ukiwa na mafua. Mti mmoja, harufu tatu: mfumbe mtoto macho, mpe kimoja kimoja, uone uso wake. Gamba hubanduliwa kwenye tawi. Mtembezaji ndiye mwenye kisu, na kisu kibaki kwake.

Mkarafuu ni mrefu, kwa hiyo mtoto atapewa jani na, msimu ukiwapo, kishada. Mwonyeshe kwamba karafuu ni ua ambalo halijachanua: likichanua limepoteza thamani. Vijiti vya kishada vinaitwa makonyo, navyo havitupwi, hukamuliwa mafuta. Usimruhusu mtoto kupanda hata tawi la chini. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na wachumaji wakubwa wenye uzoefu huanguka.

Iliki huwashangaza wakubwa kuliko watoto. Mmea una majani marefu yanayompita mtu, lakini punje haziko juu: ziko kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, mwanzoni mwa shina. Mwambie mtoto "tafuta iliki imejificha wapi" na umpe dakika mbili. Atakayechutama ndiye atakayeiona, na huyo huwa ndiye mdogo kuliko wote.

Kungumanga hupendeza kwa macho. Tunda la njano hafifu likiiva hupasuka lenyewe, na ndani kuna kokwa nyeusi inayong'aa iliyovikwa wavu mwekundu. Wavu ule ni basbasi, kokwa ndani yake ni kungumanga: viungo viwili, tunda moja. Hapa pia ndipo watembezaji wengi wanapoanzia utani wa watu wazima kuhusu kungumanga na mapenzi. Kama watoto wenu wanafahamu mambo, mnong'onezeni mtembezaji kabla.

Vanila msitarajie iwe na harufu. Ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, na maganda mabichi hayanukii chochote mpaka yaivishwe na kukaushwa kwa wiki na miezi. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, basi asivunje ganda wala mrija. Lakini una habari nzuri kwa watoto: ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono wa mtu kwa kijiti. Njia hiyo aliigundua mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Mtoto wa miaka saba akisikia hayo hulitazama ua kwa namna nyingine.

Manjano na tangawizi ni za kuchimba. Omba kijiti, mwonyeshe pa kuanzia, mwache achimbe kwa mikono. Kisha mzingifuri: ganda lenye manyoya, ndani mbegu zenye rangi nyekundu ya kupaka midomo, na kila mtoto atataka kupaka. Mwacheni, kwa masharti ya swali la madoa hapo chini.

Pilipili manga iwe karibu na mwisho: mtoto mkubwa anaweza kuonja punje moja bichi kwa ncha ya jino. Jambo la kumweleza ni kwamba nyeusi, nyeupe na ya kijani zote zinatoka kwenye mmea huu mmoja. Tofauti ni wakati wa kuchuma na kama ganda limeachwa au limeondolewa. Pilipili kali, mbuzi na kichaa, wazione kwa macho tu.

Wanaweza kuonja kila kitu?

Hapana, na hatari kubwa si sumu, ni kupaliwa. Karafuu kavu, punje za pilipili manga, kokwa ya kungumanga, mbegu za kakao zenye utelezi na hasa kokwa ya shokishoki ni ukubwa mbaya kwa koo la mtoto wa chini ya miaka minne. Shokishoki imenywe, ipasuliwe, kokwa itolewe, ndipo apewe nyama. Asile akikimbia wala akiwa mgongoni.

Kungumanga asiitafune hata mkubwa. Kiasi cha kunusia na cha kupikia hakina neno, lakini kokwa nzima inaweza kumletea mtu kutapika, moyo kwenda mbio na kuona yasiyokuwapo. Kwa mtoto inatosha hata kidogo zaidi. Kakao mbichi wanaipenda: ule utando mweupe juu ya mbegu ni mtamu na mchachu, wanyonye kisha wateme. Waambieni mapema kwamba haina ladha ya chokoleti, vinginevyo kutakuwa na kesi.

Ameshika pilipili kali kisha amejipangusa macho. Tufanye nini?

Kwanza mkamateni mikono, maana atajisugua tena. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kichwa kimeinama upande wa jicho linalouma, dakika kumi na tano kamili. Chupa mbili za maji ya kunywa hutosha kuanzia huku mkitafuta bomba. Msitie maziwa wala mafuta machoni, hata mtu akiapa kwamba ndiyo dawa. Wakati huohuo mwingine amshughulikie mikono: mafuta ya nazi kwanza, yasuguliwe vizuri mpaka kwenye kucha, kisha sabuni, kisha maji. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana kunawa kwa maji matupu kunausambaza tu.

Kama imeingia mdomoni, maziwa au mtindi husaidia kuliko maji. Kama baada ya kuosha jicho bado haliwezi kufunguka, au linaona ukungu, nendeni hospitali. Ya Mnazi Mmoja iko mjini.

Madoa ya manjano na mzingifuri yanatoka?

Kwenye ngozi, ndiyo, kwa mafuta kwanza kisha sabuni, na yatakayobaki yataondoka yenyewe kwa siku mbili tatu. Kwenye nguo, kazi ni kubwa. Doa la manjano likipakwa sabuni hugeuka jekundu, na watu wengi hapo huogopa wakadhani wameharibu. Ni sabuni tu inabadili rangi. Suuza kwa maji baridi, fua, kisha anika juani ikiwa bado na unyevu. Jua hulififiza doa la manjano vizuri kuliko sabuni nyingi, pengine baada ya kuanika mara mbili au tatu. Usipige pasi kabla doa halijatoka, maana joto hulikaza.

Mzingifuri ni mkaidi zaidi, kwani rangi yake iko kwenye mafuta. Sabuni ya kuoshea vyombo ndiyo ya kuanzia. Na maji ya mabibo na utomvu wa mgomba, mkivikuta, hesabuni nguo hiyo ni ya shamba tangu siku hiyo: yale madoa ya kahawia hayatoki.

Wadudu na mimea ya kuwasha?

Watatu wa kuwajua ni hawa. Majimoto ni sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya mikarafuu, miembe na michungwa. Ukitikisa tawi wanakumiminikia shingoni. Kabla ya mtoto kusogelea mti, tazama juu. Siafu huenda chini kwa safu, hasa baada ya mvua. Mtoto akivamiwa, ondokeni kwanza mbali na safu hatua kumi, ndipo mvueni suruali na kuwatoa mmoja mmoja. Kuwapangusa kwa pamoja hakusaidii kwa kuwa kichwa hubaki kimeng'ata. Tandu hukaa chini ya majani makavu ya migomba na magogo. Ndiyo sababu ya kutowaacha watoto wafukue vichaka, na ya kutokilaza kitoto kwenye majani makavu.

Upupu ni mmea unaotambaa kando ya njia, una maganda yenye manyoya ya dhahabu yanayovutia sana kushika. Mtoto akishika, msimsugue: kila msuguo unazamisha vinyoya. Vibandue kwa utepe wa gundi au plasta, kisha mwagia maji mengi bila kusugua, na nguo aliyovaa itolewe. Mkorosho nao: maganda mabichi ya korosho yana mafuta yanayobabua ngozi, asiyapasue kwa meno.

Mkwezi ni salama kwa watoto kutazama?

Ni sehemu wanayoisubiri. Anapanda mnazi kwa kamba aliyoizungusha miguuni, anaimba, anarusha madafu. Simameni mbali na shina kiasi cha urefu wa nusu ya mnazi, tena upande ambao mkwezi amekuelekezeni, na watoto washikwe mikono mpaka dafu la mwisho limeanguka. Msiweke mkeka wa kupumzikia chini ya mnazi wakati wowote, hata pakiwa kimya. Baadaye wasukaji watawavika kofia na tai za makuti mabichi. Ni zawadi, lakini zawadi inayongojewa shukrani mkononi.

Mtoto asijaribu kamba. Watu wazima wengi hujaribu kwa ajili ya picha na hutereza wakachubuka kifua. Ni uamuzi wao.

Fenesi na doriani?

Fenesi: pakeni mafuta mikono ya mlaji na kisu kabla ya kukata. Ulimbo ukishaingia kwenye nywele za mtoto hautoki kwa maji; sugua mafuta, vuta taratibu kwa kitambaa, rudia. Doriani hufika kwa msimu na wengi huikataa kwa harufu peke yake. Mkinunua, mwulizeni dereva kabla hamjaipakia garini.

Chakula cha mchana kinapatikana?

Mashamba mengi hupika mkiagiza mapema: pilau au wali, mchuzi wa nazi wa samaki au mboga, kachumbari. Mnakaa mkekani. Semeni wakati wa kuagiza kwamba kuna watoto, chakula chao kisitiwe pilipili; mchuzi ukishapikwa hautenguliki. Vijiti vya mdalasini, iliki na karafuu nzima zitolewe kwenye pilau ya mtoto kabla hajapewa kijiko.

Wakati wa Ramadhani matembezi yapo lakini chakula cha mchana aghalabu hakipikwi. Watoto wadogo watakula na kunywa, hakuna atakayewalaumu. Wakubwa wasile wala kunywa hadharani.

Choo, gari la kusukuma mtoto, kunyonyesha?

Choo kipo, mara nyingi cha kuchuchumaa na maji ya ndoo. Wanaozoea choo cha kukaa wajaribishwe kabla ya safari, au njooni na poti. Gari la kusukuma liacheni nyumbani: njia ni za mizizi na matope. Mbeleko au kanga inatosha. Kunyonyesha ni jambo la kawaida kabisa, wenyeji watakutafutieni kivuli.

Kuna wanyama?

Kuku, pengine mbuzi na ng'ombe waliofungwa. Msimkaribie ng'ombe mwenye ndama. Maziwa mabichi asipewe mtoto hata yakiwa ya moto kutoka kiweleni, kwa sababu huweza kuwa na brusela na kifua kikuu, yachemshwe. Baada ya kushika wanyama, udongo au konokono wakubwa wanaojitokeza baada ya mvua, sabuni na maji kabla ya kula.

Tupitie Hamamu ya Kidichi?

Kama watoto bado wana nguvu, ndiyo, kwa dakika ishirini. Ilijengwa 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ina makuba, mapambo ya maua na ndege ukutani, na sakafu yenye unyevu inayotereza. Wakubwa wenye hamu ya historia waongeze hili wakiwa njiani: huyu Sayyid Said ndiye aliyeamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na kimbunga cha 1872 ndicho kilichoiangusha mingi ya Unguja, Pemba ikashika uongozi mpaka leo. Mtoto wa miaka minne atakumbuka popo zaidi, wakiwapo.

Kwenye meza ya kuuzia, kipi tununue na kipi tuache?

Nunueni viungo vizima, si vya unga: mdalasini wa vijiti, karafuu zenye kichwa na zinazotoa mafuta ukizibonyeza kwa kucha, iliki ya kijani isiyopasuka. Unga hupoteza harufu upesi, na hujui kilichochanganywa.

"Zafarani ya Zanzibar" iacheni. Zafarani hailimwi huku. Kinachouzwa kwa jina hilo kwa bei ndogo huwa ni maua ya kartamu, mmea mwingine wa rangi, au unga wa manjano. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni.

Mafuta ya karafuu, mchaichai na mkaratusi yanauzwa kwenye vichupa vidogo vinavyovutia watoto. Yafungeni mfukoni mwenu papo hapo. Mafuta ya karafuu ni makali mno: kijiko kimoja cha chai kikimezwa kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Yasipakwe ufizi wa mtoto anayeota meno, na ya mkaratusi yasipakwe usoni wala puani kwa kitoto.

Mtoto anataka kwenda na mmea nyumbani. Upi utakubali?

Tangawizi au manjano, kipande chenye jicho moja au mawili, urefu wa kidole gumba. Kiacheni kivulini siku mbili mkato ukauke, la sivyo kitaoza. Tobolea ndoo kuukuu matundu chini, tia udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyokwisha oza, fukia kipande sentimita tano jicho likiwa juu, weka mahali penye jua la asubuhi tu. Mwagilia udongo uwe na unyevu bila kuloa. Chipukizi hutoka baada ya wiki mbili hadi nne, na mtoto atafukua kutazama kabla ya hapo. Pandeni vipande viwili, kimoja cha kufukuliwa. Manjano huchimbwa baada ya miezi minane hadi kumi, majani yakishakauka. Mchaichai ni rahisi zaidi kwa asiye na subira: shina lenye kitako chake likitiwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hivi, maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Wanaovuka kwenda bara au nje ya nchi wasichukue mmea wenye udongo kabla ya kuuliza bandarini au uwanja wa ndege.